Tom Mboya na Kura za Nairobi

Kura ni amana. Aliyepewa ataulizwa aliifanyia nini, na aliyeitoa ataulizwa alimpa nani na kwa sababu gani. Katika historia ya viti vya Nairobi, ni wachache waliopewa amana hiyo wakiwa vijana kama marehemu Thomas Joseph Mboya.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la katani karibu na Kilima Mbogo, ambako baba yake, Mjaluo wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa akifanya kazi. Alikulia kati ya Wakamba na Wakikuyu, akajua lugha zao. Alisoma shule za misheni hadi Mangu. Ada ilipokuwa taabu, akaingia chuo cha Jeanes huko Kabete, si mbali na Kinoo, kujifunza kazi ya bwana afya. Mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji, akaona kwamba bwana afya Mzungu alilipwa mara nyingi zaidi yake kwa kazi ile ile. Hapo ndipo alipoingia katika vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho lao.

Sisi watu wa mwambao twamkumbuka kwa mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa mwaka 1955. Alikuja akasimama baina yao na matajiri wao, na mwisho wake makuli wakapata nyongeza ya mshahara ya kiasi cha thuluthi moja. Miongoni mwao walikuwamo Waislamu, naye Mkatoliki wa bara. Lakini njaa haina kabila.

Machi 1957 Waafrika walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Lakini kura hazikuwa sawa. Mtu alipimwa kwa elimu, mali na utumishi wake. Huyu akapewa kura moja, yule mbili, mwingine tatu. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kwanza waonyeshe cheti cha utiifu kwa serikali, hivyo wengi wa Kinoo na vijiji vya jirani walibaki watazamaji. Katika mkoa wao Eliud Mathu, aliyekuwa barazani tangu 1944, aliangushwa na Bernard Mate wa Meru. Mjini Nairobi, Mboya alimshinda wakili Argwings-Kodhek, Mjaluo mwenziwe. Umri wake ulikuwa miaka 26.

Februari 1961 mizani ile ya kura tatu ilikuwa imeondolewa, na mlango wa wapiga kura ukapanuliwa. Katika Nairobi Mashariki, ambako Wakikuyu walikuwa wengi, Mboya alipambana na Daktari Munyua Waiyaki, mwana wa nyumba mashuhuri ya Kikuyu. Wengi walidhani damu itaamua. Haikuamua: Mboya alishinda kwa wingi mkubwa mno. Mwaka 1963 alichaguliwa tena, na kiti chake ndicho kilichokuja kuitwa Kamukunji, chenye Pumwani, mtaa wa Waislamu na Waswahili wa Nairobi. Akawa waziri wa sheria na katiba, kisha wa mipango ya uchumi.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, akitoka katika duka la dawa barabara ya Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue, alipigwa risasi akafa. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji hayo akanyongwa. Lakini swali la nani aliyemtuma halikupata jibu mahakamani.

Risasi ile haikumwua mtu mmoja tu. Tangu siku hiyo Mjaluo na Mkikuyu walitazamana kwa shaka, na chaguzi nyingi zilizofuata zilihesabiwa kwa makabila kabla ya kuhesabiwa kwa kura. Ndugu msomaji, wapiga kura wa 1961 walikuwa maskini, na wengi hawakusoma sana. Hata hivyo walimtazama mtu kwa kazi yake, si kwa ukoo wake. Wao waliitimiza amana yao. Sisi tuliowafuata bado tunadaiwa.