Sidi Mubarak Bombay: Maisha ya Mtu Aliyengoja

Bismillahi Rahmani Rahimi.

Nchi ambayo leo ni sehemu ya wilaya za Biharamulo na Ngara, wasafiri wa pwani zamani walikuwa wakiiita Usui. Na hiyo ndiyo Busubi kwa ndimi za wenyewe. Ilikuwa na mfalme wake, na mipaka yake, na sheria yake juu ya kila msafara utakao kupita kwenda Karagwe na Buganda. Katika mwaka wa 1861 ulifika huko msafara wa Mwingereza aitwaye John Hanning Speke, na mmoja wa wakubwa wa msafara ule alikuwa Sidi Mubarak, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bombay. Habari za mtu huyu zafaa kusomwa na watu wa zama hizi, kwa sababu umri wake mwingi aliutumia katika kungoja, na mabwana aliowatumikia aghalabu walikuwa watu wasioweza kungoja.

KUTEKWA KWAKE NA KURUDI KWAKE

Alizaliwa katika kabila la Wayao, yapata mwaka wa 1820, katika nchi iliyo karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji wa leo. Alipokuwa kijana mdogo wachuuzi wa watumwa waliushambulia mji wao, akakamatwa pamoja na wengine, akapelekwa Kilwa, na huko akauzwa. Kisha akavushwa bahari mpaka Gujarat katika Bara Hindi, akamtumikia tajiri mmoja huko miaka mingi, yapata ishirini. Jina la kwao likapotea, hata leo halijulikani. Jina la Sidi ni katika majina waitwayo watu wa asili ya Afrika huko Hindi, na Mubarak ni jina la Kiislamu. Ama Bombay ni jina la bandari ya huko.

Bwana wake alipokufa, yeye akaachwa huru. Angeweza kukaa Hindi kama walivyokaa wengi wa mfano wake, ambao vizazi vyao wangaliko huko hata leo. Yeye akapanda chombo akarudi Unguja, akaandikwa katika askari wa Sultani, akawekwa katika kikosi cha Mabaluchi huko Chogwe, karibu na Pangani.

Hapa pana jambo la kutambuliwa. Kungoja kwa mtumwa si ile subira isifiwayo, kwa kuwa mtumwa hakupewa hiari. Na dhuluma haiwi njema kwa sababu aliyedhulumiwa aliistahimili. Linalostahili kutazamwa kwa Mubarak ni alivyojitunza ndani ya miaka ile. Alijifunza Kihindi, akajifunza tabia za watu wa mataifa mbalimbali, wala moyo wake haukugeuka kuwa wa chuki. Mlango ulipofunguka, alikuwa na kitu mkononi cha kuanzia maisha.

KUINGIA KATIKA SAFARI

Mwanzoni mwa mwaka wa 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na yule Speke, walifika Chogwe, wakamchukua Mubarak katika kazi yao. Speke hakujua Kiswahili, lakini alikijua Kihindi kwa kuwa alikuwa afisa wa jeshi huko; basi Mubarak akawa ulimi wake. Lugha aliyoipata katika utumwa ikawa ndiyo sababu ya cheo chake.

Msafara ulipofika Kaze, ambao ndio Tabora, mwezi wa Novemba 1857, ulikaa huko zaidi ya mwezi mmoja kwa kutafuta wapagazi wapya. Februari 1858 wakaliona ziwa la Tanganyika huko Ujiji. Walipokuwa wakirudi, Burton akabaki Kaze, na Speke akaenda kaskazini pamoja na Mubarak na watu wachache, hata mwanzo wa Agosti wakalitazama ziwa la Nyanza upande wa Mwanza. Speke alilitazama kwa siku chache tu, asilizunguke wala asiuone mto utokao humo. Na juu ya hayo akakata shauri kwamba hiyo ndiyo asili ya Nili. Katika mwaka wa 1859 akatangulia kufika London, akaitangaza habari kabla mwenzake hajawasili. Neno lake lilikuwa kweli, lakini alilisema kabla ya kupata dalili ya kutosha. Urafiki wao ukavunjika, na mzozo wao haukwisha hata Speke alipokufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe mwaka wa 1864. Mtu aweza kuwa na haki, na haraka yake ikawapa watu sababu ya kumkadhibisha.

KUNGOJA KATIKA USUI

Kwa ajili ya dalili ile iliyokosekana, ilibidi safari ya pili. Speke, na sasa mwenzake ni James Grant, waliondoka pwani ya Bagamoyo Oktoba 1860, na Mubarak akiwamo. Walikuwa wakitumai kufika upesi. Lakini vita vya Unyamwezi, na maradhi, na kukimbia kwa wapagazi, na hongo za Uzinza, vyote viliwazuia. Mwaka mzima ulipita tangu kuondoka pwani, ndipo wakaingia Usui, nchi ya mfalme Suwarora.

Ilikuwa desturi ya nchi zile kwamba mgeni hapiti ila kwa idhini. Mfalme hawezi kujua kama msafara wenye bunduki waja kwa biashara au kwa vita, basi humzuia mgeni mpakani, na wajumbe huenda na kurudi. Huanza mkubwa mdogo kudai haki yake, kisha aliye juu yake, kisha mfalme mwenyewe. Na hongo huhesabiwa kwa nguo na ushanga na masango ya shaba. Ikisha kutolewa yote, ngoma hupigwa ili watu wote wajue kwamba wageni hawa wamekwisha lipa. Kabla ya ngoma hiyo, kuondoka kwa nguvu ni kujiita adui.

Speke aliona desturi hii kuwa ni unyang'anyi mtupu, na kweli wakubwa wa Usui walizidisha madai yao. Siku zilipita, wezi wa usiku wakawasumbua kambini, na vitu vikazidi kupungua. Mjumbe wa Kabaka wa Buganda pia walimkuta huko huko Usui. Mubarak ndiye aliyekuwa akitumwa kwenda na kurudi kwa maneno haya, akilainisha hasira za bwana wake kabla hazijawafikia wenye nchi, na akipunguza ukali wa madai ya wenye nchi kabla hayajamfikia bwana wake.

Lakini yeye naye hakuwa malaika. Walioandika habari za safari ile wamesema kwamba katika siku zile za Usui alikunywa pombe, akagombana vikali na mwenziwe Baraka kwa ajili ya cheo. Jambo hilo haliigwi wala halifichwi. Latufundisha kwamba kungoja bila shughuli kuna hatari yake: nafsi isiyo na kazi hutafuta ugomvi, na watu waliostahimili njaa na homa njiani waweza kushindwa na siku chache za kukaa bure. Kwa hiyo wenye hekima, wanapolazimika kungoja, hujipa kazi. Hushona kilichochanika, hujifunza lugha ya mahali, huzoeana na jirani.

Mwisho hongo ilikubaliwa, na msafara ukatoka Usui mwezi wa Novemba 1861 bila ya vita baina yao na mfalme. Tarehe 25 ya mwezi huo wakafika kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe, aliyewapokea kwa ukarimu mwingi wala asiwadai hongo. Lau wangalitoka Usui kwa bunduki, habari ingaliwatangulia, na mlango wa Karagwe ungalifungwa mbele yao. Zile nguo na masango walizozilia zilikuwa bei ya njia nzima iliyobaki.

KATIKA BUGANDA NA MISRI

Grant aliugua mguu, akabaki Karagwe miezi kadhaa. Speke na Mubarak wakaendelea mpaka kwa Kabaka Mutesa, wakafika Februari 1862. Huko pia ilikuwa ni kungoja, kwa kuwa Kabaka hakupenda mgeni wake aondoke. Neno la Speke lilipita kwa Kihindi mpaka kwa Mubarak, kisha kwa Kiswahili mpaka kwa Nasibu aliyejua Kiganda, kisha likamfikia Mutesa. Na jawabu likarudi kwa njia ile ile. Mwenye haraka asingeweza kuzungumza hivyo hata siku moja.

Katika safari hiyo lilitokea jambo baya. Speke na Mubarak walishindana kwa ajili ya kuvunjwa hema, na Speke akashikwa na ghadhabu, akampiga ngumi za uso mbele ya watu. Meno ya mbele ya Mubarak yakatoka. Hasira ile ilikuwa ya muda mfupi tu, na pengo likabaki mpaka mwisho wa uhai wake. Miaka tisa baadaye mtu mwingine aliliona akaliandika. Mubarak aliondoka, kisha akarejea katika kazi yake, na safari ikaendelea.

Tarehe 28 Julai 1862 Speke aliona mahali mto utokapo katika Nyanza. Na Februari 1863 msafara ukafika Gondokoro, kisha Khartoum, kisha Cairo. Kutoka huko Mubarak na wenziwe waliodumu mpaka mwisho walirudishwa Unguja kwa njia ya bahari. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kilimtunukia nishani ya fedha.

PAMOJA NA STANLEY NA CAMERON

Mwaka wa 1871 alikuja Henry Morton Stanley akimtafuta Livingstone, akamfanya Mubarak kuwa mkubwa wa askari wake. Stanley alikuwa mtu wa haraka kuliko wote, mwepesi wa fimbo, na Mubarak alipata sehemu yake ya mapigo. Walipofika Tabora waliikuta njia ya Ujiji imefungwa kwa vita vya Waarabu na Mirambo. Stanley akadhani vita hivyo ni vya siku chache, akaingia upande wa Waarabu mwezi wa Agosti. Mirambo aliwavizia akawashinda; baadhi ya watu wa Stanley waliuawa, na Tabora yenyewe ikashambuliwa ikachomwa. Ndipo Stanley akafanya lililowezekana tangu mwanzo, akaizunguka vita kwa njia ndefu ya kusini. Aliondoka Septemba, na Novemba akamkuta Livingstone Ujiji. Njia ndefu ilimfikisha, na njia fupi ilimlia watu.

Safari ya mwisho kubwa ilikuwa pamoja na Verney Lovett Cameron, aliyeondoka pwani mwaka wa 1873. Walipokuwa Unyanyembe ikawafikia habari ya kufa kwa Livingstone. Wakaendelea mpaka Ujiji, na Nyangwe, na nchi ya Urua kwa mfalme Kasongo, ambako walizuiliwa miezi mingi. Novemba 1875 wakaiona bahari ya magharibi katika nchi ya Angola. Mubarak alikuwa sasa mtu mzima, na Cameron hakumsifu sana; lakini alifika. Hivyo mtu huyu aliyeuzwa Kilwa akawa ametembea kutoka Bahari ya Hindi mpaka Nili na Misri, na kutoka Bahari ya Hindi mpaka Atlantiki. Miendo yake hukadiriwa kuwa maili 6000, na sehemu iliyo kubwa kwa miguu.

MWISHO WAKE, NA MAZINGATIO

Mwaka wa 1876 chama kile kilimwekea malipo ya uzeeni, naye akakaa kwa utulivu mpaka alipokufa mwaka wa 1885. Hakuandika kitabu. Yale tunayoyajua juu yake yameandikwa na waliomwamrisha na kumpiga, na juu ya hivyo hawakuweza kuandika safari zao bila ya kumtaja.

Leo magari hutoka Biharamulo yakafika Ngara na mpaka wa Rusumo kwa saa chache, mahali alipozuiliwa Mubarak siku nyingi. Neno hutumwa kwa simu likafika ng'ambo kabla mtumaji hajavuta pumzi. Hizi ni neema, na neema hushukuriwa. Lakini mwenye simu hukasirika jawabu likichelewa kwa dakika. Kijana hupanda pikipiki akashindana na lori mlimani ili apate robo saa, na wengine hawafiki. Mume na mke huvunja nyumba kwa neno la jioni moja ambalo asubuhi lingalikuwa limekwisha. Safari zimekuwa fupi, na vifua navyo vimekuwa vyembamba.

Qurani Tukufu, katika Sura ya Kahf, imetusimulia habari ya Nabii Musa na yule mja mwema aliyesuhubiana naye. Kwamba kuachana kwao kulikuja kwa sababu ya kuuliza kabla ya wakati, na mambo yaliyoonekana maovu yalikuwa na maana iliyokuwa haijafunuliwa. Na katika Sura ya Al-Asr, usiano wa haki umefuatana na usiano wa subira, kwa kuwa mwenye haki asiye na subira huipoteza haki yake njiani.

Subira si uvivu, wala si kunyamazia dhuluma. Mubarak alipoachwa huru hakungoja tena huko Hindi. Alipanda chombo akarudi. Na alipozuiliwa Usui hakulala. Alikwenda na kurudi kwa maneno mpaka ngoma ikapigwa. Mwenye kusubiri ni yule ajuaye lipi limo mkononi mwake akalifanya leo, na lipi halimo akaliacha lifike kwa wakati wake.

Mwenyezi Mungu amsamehe makosa yake, amrehemu, na aturuzuku sisi sote subira njema. Amin.