Rudolf Virchow

Rudolf Ludwig Carl Virchow (13 Oktoba 1821 – 5 Septemba 1902) alikuwa daktari, mwanapatholojia na mwanasiasa wa Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kufundisha kwamba magonjwa huanzia katika seli, na kwa kueleza jinsi damu inavyoganda ndani ya mishipa. Maelezo hayo husaidia hadi leo kuelewa kwa nini wagonjwa wa kifua kikuu cha mapafu huweza kupata mabonge ya damu, ingawa kuhusu kifua kikuu chenyewe Virchow alikosea.

Maisha

Alizaliwa Schivelbein, katika Prussia (leo Świdwin, Poland). Alisomea udaktari Berlin, akahitimu mwaka 1843, kisha akafanya kazi katika hospitali ya Charité.

Mwaka 1848 alitumwa na serikali kuchunguza mlipuko wa homa ya tifasi huko Silesia ya Juu. Katika ripoti yake alisema chanzo kikuu ni umaskini na ukosefu wa elimu na uhuru. Mwaka huohuo aliunga mkono mapinduzi, na kwa sababu hiyo akapoteza nafasi yake Berlin. Alihamia Chuo Kikuu cha Würzburg mwaka 1849, akarudi Berlin mwaka 1856. Kitabu chake kuhusu patholojia ya seli kilitolewa mwaka 1858.

Kuganda kwa damu

Wakati huo madaktari wengi waliamini kwamba mabonge ya damu hutokana na uvimbe wa mishipa. Virchow alipopasua maiti aliona kwamba mabonge yaliyoziba ateri za mapafu mara nyingi yalitoka kwenye vena za miguu. Alihakikisha jambo hilo kwa kuingiza vipande vya vitu mbalimbali katika vena za mbwa: vilibebwa na damu hadi mapafuni. Bonge linaloganda mahali pake aliliita trombosi, na kuziba kunakoletwa na kipande kilichosafiri aliita embolia.

Baada ya kifo chake, madaktari walikusanya visababishi vitatu vya trombosi kwa jina la "utatu wa Virchow": damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kudhurika, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda.

Kifua kikuu

Virchow aliona vinundu vya kifua kikuu kuwa aina ya uvimbe unaoota, tena ugonjwa tofauti na nimonia inayogeuza tishu za mapafu kuwa kama jibini. Tarehe 24 Machi 1882 Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba ameona bakteria wanaosababisha kifua kikuu. Virchow alipokea habari hiyo kwa mashaka, lakini Koch ndiye aliyekuwa sahihi.

Hata hivyo, utatu wa Virchow unaonekana wazi katika ugonjwa huo. Mgonjwa aliyedhoofika hulala muda mrefu, na tezi zilizovimba zinaweza kubana mishipa, hivyo damu hupungua mwendo. Maambukizi hudhuru utando wa ndani wa mishipa. Ini hutengeneza fibrinojeni nyingi zaidi, chembe sahani huongezeka, na protini zinazozuia damu kuganda zinaweza kupungua. Mgonjwa huyohuyo anaweza kukohoa damu, kwa sababu ugonjwa hula mishipa ya mapafu; hivyo kumpa dawa za kuzuia kuganda kunahitaji uangalifu. Tena rifampisini, dawa muhimu ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya warfarini.

Siasa na kifo

Virchow alikuwa diwani wa Berlin tangu 1859, akapigania mfumo wa majitaka wa jiji. Alikuwa mpinzani wa Bismarck, na mbunge wa Reichstag miaka 1880–1893.

Januari 1902 alivunjika mfupa wa paja aliposhuka kwenye tramu. Hakupona kabisa, akafariki Berlin miezi minane baadaye, akiwa na umri wa miaka 80.