Hanna Reitsch: mwanamke wa kwanza kurusha helikopta, na wakubwa aliowatumikia

Helikopta si kitu kigeni kwa wakaaji wa mashariki mwa Kongo. Bunia, Goma, Beni ao Uvira, hata watoto wanatambua sauti yake mbele haijaonekana. Inabeba wagonjwa na chakula, lakini inabeba pia askari na mabomu. Mwanamke wa kwanza duniani kurusha mashine hiyo alikuwa Mjerumani mmoja mfupi, wa urefu wa karibu mita moja na nusu: Hanna Reitsch. Aliirusha mwaka wa 1937. Ujuzi wake haukuwa na shaka hata kidogo. Shida ilikuwa ni nani aliutumia.

Binti aliyetaka kuwa daktari wa Afrika

Hanna alizaliwa tarehe 29 Machi 1912 huko Hirschberg, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Jelenia Góra. Baba yake alikuwa daktari wa macho. Yeye mwenyewe alikuwa na ndoto ya kuwa daktari mmisionari Afrika, akiruka kwa ndege toka kijiji hadi kijiji kutunza wagonjwa. Alianza kweli masomo ya udaktari. Lakini kando ya masomo alikuwa anajifunza kurusha ndege zisizo na injini, zile zinazopanda juu kwa nguvu ya upepo tu. Ndege zikashinda vitabu, na udaktari akauacha.

Wakati ule mkataba wa amani wa kisha vita ya kwanza ya dunia ulikuwa umekataza Ujerumani kuwa na jeshi la anga. Vijana wengi walijifunza kuruka kupitia hizo ndege za upepo. Hitler alishika serkali mwaka wa 1933, na akalijenga tena jeshi la anga. Rubani mzuri alikuwa na kazi, hata kama ni mwanamke. Mwaka wa 1937 Ernst Udet, mkubwa katika jeshi hilo, alimpeleka Hanna kwenye kituo cha Rechlin, pahali ndege mpya za kijeshi zilikuwa zinajaribiwa. Mwaka huo huo akapewa cheo cha Flugkapitän, yaani kapteni wa ndege. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukipata.

Helikopta ndani ya nyumba

Helikopta aliyorusha iliitwa Fw 61, ya mhandisi Henrich Focke. Ilikuwa na mapanga mawili makubwa, moja upande wa kulia na moja upande wa kushoto, yakizunguka kila moja kwa upande wake. Juu ya hiyo, mwili wa mashine haukuzunguka pamoja na mapanga. Katika mwezi wa 10 mwaka wa 1937 Hanna aliirusha karibu kilometa 109, rekodi ya wakati ule.

Mwezi wa Pili 1938 likaja jambo ambalo wasomaji wa Kiswahili hawawezi kulipita. Serkali ilitaka dunia nzima ione helikopta hiyo. Ikaamua irushwe ndani ya jumba kubwa la Deutschlandhalle mjini Berlin, mbele ya maelfu ya watu waliokaa kwenye viti. Ilikuwa sehemu ya maonyesho ya nyimbo na michezo kuhusu makoloni ambayo Ujerumani ilinyang'anywa kisha vita ya kwanza, kama vile Tanganyika, Rwanda na Burundi. Na jina la maonyesho hayo lilikuwa « Ki sua heli ». Jioni baada ya jioni, Hanna alipanda juu, akasimama hewani, akageuka polepole, akatua. Kosa dogo tu, na mapanga yangeingia ndani ya watu. Watu walipiga makofi, magazeti yakaandika, na Hitler akapata sifa aliyoitaka.

Vita

Wakati vita ya pili ilianza, kazi yake ikawa ya hatari zaidi. Alirusha ndege dhidi ya kamba za chuma za mabaluni ya ulinzi, ili kujaribu chombo cha kuzikata. Mwaka wa 1941 Hitler alimpa medali ya Msalaba wa Chuma. Mwezi wa 10 mwaka wa 1942 alianguka na ndege ya roketi, Me 163. Uso na kichwa vilivunjika, akalala hospitali miezi mingi. Mbele ya kuzimia alikuwa amechukua kalamu na kuchora namna ajali ilitokea. Alipewa Msalaba wa Chuma wa daraja la kwanza, jambo la nadra sana kwa mwanamke.

Mwaka wa 1944 alimwendea Hitler mwenyewe na pendekezo la kuunda kikosi cha marubani wa kujitoa mhanga. Mwaka huo pia rafiki mmoja alimwonyesha kijitabu kilichoeleza namna watu walikuwa wanauawa kwa gesi kambini. Hanna alikipeleka kwa Himmler, mkubwa wa kambi zile zile. Himmler akakana. Basi, Hanna akaridhika na jibu hilo. Mwanamke aliyekuwa anapima kila chuma cha ndege mbele ya kukiamini hakupima neno la yule mtu.

Mwezi wa Nne 1945, Berlin ikiwa imezungukwa na Warusi, aliingia mjini na jenerali von Greim katika ndege ndogo. Greim alipigwa risasi mguuni angani. Hanna akashika usukani kupitia juu ya mabega yake, akatua karibu na lango la Brandenburg. Siku chache tu kisha wao kutoka, Hitler alijiua.

Msiba mwingine ulikuwa nyumbani. Mwezi wa Tano, kwa kuogopa kurudishwa chini ya Warusi, baba yake aliua mke wake, binti yao na wajukuu, kisha akajiua. Hanna alikamatwa na Waamerika, na akakaa kifungoni zaidi ya mwaka mmoja.

Ghana

Kazi Afrika aliipata akiwa na umri wa miaka 50, si kama daktari. Mwaka wa 1962 Rais Kwame Nkrumah, yule rafiki wa Lumumba, alimpa kazi ya kuanzisha shule ya ndege za upepo huko Afienya. Alifundisha vijana wa Ghana mpaka Februari 1966, wakati wanajeshi walimwangusha Nkrumah na yeye akalazimishwa kuondoka. Baadaye aliandika kwamba zamani hangefikiria kabisa kumchukua mtu mweusi kama rafiki, na kwamba Ghana ilimfungua macho.

Hapo alikubali kwamba alikosea. Kuhusu Hitler, hapana. Hata miaka ya 1970 bado alikuwa anajivunia medali zake, na hakuonyesha haya kwa serkali aliyoitumikia.

Hanna Reitsch alikufa Frankfurt tarehe 24 Agosti 1979, akiwa na miaka 67. Alizikwa Salzburg, Austria, pamoja na watu wa familia yake waliokufa mwaka wa 1945.