LUCY WILLS, MUNGANGA WA MAMA WALIOKOSA DAMU



Mara nyingi tunasoma maisha ya wafalme, ya maaskari wakubwa na ya watu waliotengeneza mashini. Leo tunawaletea maisha ya mwanamke mmoja. Wanganga wa dunia nzima wanajua jina lake, lakini hapa kwetu ni wachache wanaolijua, ijapokuwa kazi yake inaingia katika nyumba zetu. Ile dawa ya damu ambayo mama wenye mimba wanapewa kwenye kituo cha afya, nusu yake imetoka katika kazi ya huyu mwanamke. Jina lake ni Lucy Wills.

Alizaliwa tarehe 10 Mei 1888, karibu na mji wa Birmingham katika Uingereza. Jamaa yake walikuwa watu wenye kujiweza na wenye kupenda sayansi. Wakati ule wasichana wengi wa Ulaya walifundishwa paka kushona, kupiga piano na kungoja bwana. Lucy alipelekwa kwenye shule ya wasichana ya Cheltenham, ambako walifundisha hesabu na sayansi. Mwaka 1907 akaingia Newnham College katika Cambridge, akasoma botanika na jiolojia, ni kusema elimu ya mimea na elimu ya mawe. Mwaka 1911 akafaulu mitihani yake. Lakini angalieni jambo hili: Cambridge haikumpa diploma kamili, juu alikuwa mwanamke. Wanawake walifanya mitihani ile ile ya wanaume, ila diploma yenyewe walianza kuipata mwaka 1948 tu.

Ule mwaka 1911 baba yake akafa. Mwaka 1913 dada yake naye akafa, angali kijana. Mwaka 1914 Lucy alikuwa Afrika ya Kusini wakati vita kubwa ilipoanza. Akajitoa kusaidia wagonjwa katika hospitali moja ya Cape Town. Aliporudi kwao, mwaka 1915, akaingia katika shule ya London iliyofundisha wanawake kazi ya unganga. Akamaliza mwaka 1920, akiwa na miaka 32. Wengi kati yetu tunaona haya kukaa darasani na miaka 20. Yeye hakuona haya. Kisha hakufungua nyumba ya kutibia watu ili apate feza mingi. Alibakia katika laboratwari ya Royal Free Hospital, akipima damu na kufundisha.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Mwaka 1928 munganga mwanamke, Margaret Balfour, aliyekuwa akifanya kazi India, alimwita aende Bombay, mji ambao leo unaitwa Mumbai. Kule kulikuwa huzuni kubwa. Mama wengi wenye mimba, zaidi wale maskini waliofanya kazi katika viwanda vya nguo, walikuwa wakikosa damu. Walichoka, macho na ulimi vikageuka vyeupe, pumzi ikawa fupi, miguu ikavimba. Wengine walikufa mbele ya kuzaa, wengine nyuma ya kuzaa, na mara nyingi mtoto naye hakupona.

Wanganga walipotazama damu yao katika mikroskopi, waliona ajabu. Chembe nyekundu zilikuwa chache, lakini kila moja ilikuwa kubwa kupita kipimo. Hiyo haikuwa ile anemia ya kukosa chuma, maana katika hiyo chembe zinakuwa ndogo. Ilifanana na ugonjwa mwingine ulioitwa anemia mbaya, ambao mwaka 1926 Waamerika wawili, George Minot na William Murphy, walionyesha kwamba unapona kama mgonjwa anakula ini nyingi kila siku. Lakini wale mama wa Bombay hawakuwa na feza ya kununua ini kila siku. Tena Lucy aliona kwamba ugonjwa wao, hata ukifanana na ule, si ule.

Ndipo akafanya kitu ambacho wengine hawakukifanya vizuri mbele yake: aliangalia ndani ya masufuria. Aliuliza wale mama wanakula nini, wanakaa namna gani, wanapata nini kila siku. Aliona kwamba waliougua zaidi ni wale ambao chakula chao kilikuwa kibaya zaidi: mboga kidogo, matunda kidogo, nyama na maziwa karibu hakuna. Basi akafikiri: labda hakuna mdudu anayeleta huu ugonjwa, labda kuna kitu kinachokosekana katika chakula.

Kufikiri ni rahisi, kuhakikisha ni kazi. Mwaka 1929 akaenda Coonoor, katika milima ya kusini ya India, kwenye laboratwari ya Robert McCarrison. Akawapa panya chakula kama kile cha wale maskini. Panya wakakosa damu. Lakini kumbe panya walikuwa na chawa, na chawa walikuwa wakiwaletea ugonjwa mwingine unaoharibu damu! Hesabu ikachanganyika. Mwingine angaliacha. Lucy alianza tena na nyani wadogo. Akajaribu vitamini A, haikusaidia. Akajaribu vitamini C, haikusaidia. Siku moja akampa nyani mgonjwa kitu kinachoitwa Marmite, na yule nyani akapona kwa namna ya kushangaza.

Marmite ni kitu gani? Ni uji mzito mweusi wenye chumvi, ambao Waingereza wanapaka juu ya mkate. Unatengenezwa na chachu inayobakia katika viwanda vya pombe. Msicheke, enyi vijana wa shule ya misheni: ni chachu tu, pombe yenyewe haimo! Tena ilikuwa ya bei ndogo, maskini wangeweza kuipata.

Lucy akawapa wale mama wagonjwa, Bombay na kisha Madras. Kwa siku chache damu mpya ikaanza kuonekana katika mikroskopi, na nguvu zikarudi. Mwaka 1931 akaandika habari hizi katika gazeti la wanganga wa Uingereza. Hakujua bado jina la kile kitu kilichojificha ndani ya chachu. Wenzake wakakiita kitu cha Wills. Jambo moja tena alilihakikisha: ini la kawaida liliwaponya wale mama, lakini dawa ya ini iliyosafishwa sana, ile iliyoponya anemia mbaya, kwao haikufaa kitu. Kwa hiyo katika ini mlikuwa na vitu viwili, si kimoja.

Alisema kweli. Mwaka 1941, kule Texas katika Marekani, watu wa sayansi walichukua karibu tani 4 za mboga za spinachi, wakapata ndani yake kitu kidogo sana, wakakiita asidi foliki. Sisi tunaojifunza Kifaransa na Kilatini tunaweza kusikia neno feuille na neno folium ndani ya jina hilo, ni kusema jani. Mwaka 1945 kikundi cha Marekani kilichoongozwa na Yellapragada Subbarow, mtoto wa India aliyesoma unganga Madras, kiliweza kuitengeneza katika laboratwari. Na mwaka 1948 ile dawa nyingine ya ini ikapatikana pia: ni vitamini B12. Kitendawili cha Lucy kikafunguka.

Sasa tunajua asidi foliki inafanya kazi gani. Damu inatengenezwa katika uboho, ndani ya mifupa. Kule chembe zinagawanyika usiku na mchana. Asidi foliki ikikosekana, chembe inanenepa lakini haiwezi kugawanyika vizuri. Njo maana zinakuwa kubwa na chache. Na mama mwenye mimba anatumia foliki mingi, kwa sababu mwili wa mtoto unajengwa ndani yake.

Lucy hakutafuta sifa. Mwaka 1937 alirudi India kwa ndege ya maji, safari ya siku 5. Wakati wa vita ya pili alibakia London kuchunguza kama dawa ya chuma inasaidia mama wenye mimba. Mwezi wa 7 wa mwaka 1944 bomu lilianguka juu ya hospitali yake, watu wakafa, na kazi ikasimama kwa siku kadhaa; kisha akaendelea. Alienda kazini kwa kinga, hakutaka motokari. Hakuolewa. Alipoacha kazi mwaka 1947 hakukaa tu, alisafiri tena mpaka Jamaika na Fiji kutazama chakula na damu ya watu, na alikuwa mshauri wa mji katika Chelsea. Akafa tarehe 16 Aprili 1964, akiwa na miaka 75.

Lakini kazi yake haikufa. Mwaka 1991 uchunguzi mkubwa ulionyesha kwamba asidi foliki, ikinywewa tangu mbele ya mimba, inazuia sehemu kubwa ya vilema vya uti wa mgongo kwa watoto. Leo shirika la afya la dunia linaomba kila mama mwenye mimba apate kila siku miligramu 30 mpaka 60 za chuma pamoja na miligramu 0,4 za asidi foliki. Na ndugu zetu wenye ugonjwa wa SS, mara nyingi wanganga wanawapa foliki pia, juu damu yao inavunjika haraka na mwili unatengeneza nyingine bila kupumzika.

Tujifunze nini? La kwanza, kukosa damu si ugonjwa mmoja. Kuna kwa kukosa chuma, kuna kwa kukosa foliki, kuna kwa malaria, kwa minyoo, kwa SS. Mtu akisema hana damu, asinunue kidonge sokoni kwa kubahatisha, apimwe kwanza. Chuma haiwezi kufanya kazi ya foliki, wala foliki kufanya kazi ya chuma.

La pili, tusizarau majani. Lengalenga na maharagi yana foliki. Lengalenga tusiyapike mpaka yapoteze kila kitu, na maji yake tusiyamwage. Sombe tu ndilo lazima lipikwe sana, juu lina sumu likiwa bichi. Danieli na wenzake katika Babeli waliomba mboga mbele ya nyama ya mfalme, na nyuso zao zilikuwa nzuri.

La tatu ni kwa dada zetu wa shule hii, zaidi wale wanaoogopa kuchagua biokimia. Wanawake wa Bombay walikuwa wanakufa, na aliyeona sababu alikuwa msichana aliyekataa kuacha masomo. Na sisi vijana wanaume tusifikiri hayo ni mambo ya wanawake. Mke wako akipewa vidonge na akiviacha kwa sababu vinachafua tumbo, wewe umkumbushe, na umsindikize kwa munganga. Kaburi la mama mmoja linaacha nyumba nzima bila paa.