Humphry Davy: Aliyechekwa kwa Jibu Sahihi

Ukisimama bandari ya Itungi kule Kyela, unaziona meli za chuma juu ya Ziwa Nyasa. Adui wao siyo mawimbi tu, ni kutu pia. Dawa yake mojawapo ilianza na jamaa ambaye wengi wetu tunamkumbuka usiku wa kuamkia mtihani: Humphry Davy.

Davy alizaliwa 1778 huko Penzance, Uingereza, mtoto wa mchonga mbao. Baba alifariki mapema, akaacha madeni. Chuo kikuu Davy hakusoma. Alijifunza kazi kwa tabibu, kemia akajisomea mwenyewe. Volta alipotangaza betri yake mwaka 1800, Davy akaidaka fasta. Mwaka 1807 alipitisha umeme kwenye potashi akapata potasiamu. Siku chache baadaye, sodiamu. Mwaka 1808 akaitenga magnesi.

Baadaye Jeshi la Majini likamletea tatizo: bahari inakula shaba iliyofunika matumbo ya meli. Mwaka 1824 Davy akabandika vipande vya zinki na chuma juu ya shaba. Hoja yake inaeleweka: metali mbili zikigusana ndani ya maji ya chumvi, ile inayoachia elektroni kirahisi ndiyo inayoliwa, mwenzake anapona.

Na shaba ilipona kweli! Balaa likaja upande wa pili. Shaba inapoliwa hutoa sumu inayofukuza magugu. Sasa haikuliwa, basi magugu na viumbe wa magamba wakajaa, meli zikapoteza mwendo. Vipande vikaondolewa, Davy akachekwa hadharani. Alifariki Geneva mwaka 1829, akiwa na miaka 50.

Ila kanuni haikuwa na kosa. Leo meli za chuma duniani hufungwa vipande hivyo hivyo. Baharini zinki inatosha. Kwenye maji yasiyo na chumvi, kama ya Nyasa, umeme hupita kwa shida, hivyo magnesi hufaa zaidi: kwenye jedwali zinki inaipita chuma kwa volti 0.32, magnesi kwa 1.93. Yaani metali aliyoitenga Davy mwenyewe!

Hata bati la nyumba kule Matema, chini ya mvua zile za Kyela, linalindwa na zinki kwa kanuni hiyohiyo.

Kwa hiyo wewe mwenye sapu ya kemia, usijidharau. Davy alipata jibu sahihi akachekwa. Kilichomponza ni swali moja ambalo hakuliuliza mapema: nikizuia hiki, kipi kingine kitazuilika?