John Charnley na nyonga zilizochakaa

Tukibishana hapa chuoni kuhusu kesi za uzembe wa madaktari, wenzangu wengi hukimbilia fomu ya ridhaa: mgonjwa akishasaini, daktari amejikinga. Mimi huwa nawatajia John Charnley, Mwingereza aliyezaliwa Bury mwaka 1911.

Jamaa alianza kuwaza nyonga bandia kwa sababu ya mlio. Mgonjwa mmoja aliyewekewa kichwa cha paja cha akriliki alikuwa akilia kama mlango mkavu kila akiinama mezani, mpaka mkewe akawa anamkwepa wakati wa kula. Charnley akaona kiini ni msuguano. Katika hospitali ya Wrightington akaunda kikombe cha Teflon na kichwa kidogo cha chuma, akavishikiza kwenye mfupa kwa simenti ya akriliki, ile ile ya mafundi wa meno. Watu wakatembea bila maumivu.

Ndani ya miaka michache Teflon ikalika. Vumbi lake likaleta uvimbe na kuharibu mfupa, na wagonjwa kama 300 walikuwa nayo mwilini. Hapa ndipo ninapompenda: hakuficha. Alianza kuwafungua tena, mmoja baada ya mwingine. Fundi wake, Harry Craven, ndiye aliyeipima poliethilini wakati bosi mwenyewe ameshaidharau. Ikaonekana hailiki ovyo. Hata hivyo, Charnley alijidunga vipande vya plastiki zote mbili kwenye paja lake (sisi tunakimbia sindano ya chanjo!). Teflon ikamvimbisha, poliethilini ikatulia. Akayaandika hayo kwenye jarida la Lancet mwaka 1963.

Halafu akageukia usaha. Akawa anapasua ndani ya kibanda cha hewa iliyochujwa, amevaa suti inayonyonya pumzi zake, na maambukizi yakashuka kutoka takribani wagonjwa 7 katika kila 100 hadi chini ya mmoja.

Kwa muda mrefu daktari hakuuziwa nyonga yake mpaka aende Wrightington kujifunza kwanza. Hebu fikiria kampuni ya leo ikikubali sharti hilo!

Na wagonjwa aliwaomba kitu cha ajabu: wakifa, nyonga irudishwe kwake aipime imelika kiasi gani. Wengi walikubali. Alifariki mwaka 1982.