Leakey na mawe ya Olorgesailie: Mali bila daftari hupotea bila habari

MSAFIRI anayetoka mjini Kitengela akapitia Isinya hadi Kiserian, kisha akateremka kwa barabara ya Magadi, huiona nchi ikibadilika mbele ya macho yake. Majumba ya ghorofa na viwanda huachwa nyuma katika nyanda za Kapiti, baridi ya Ngong hupungua na joto la Bonde la Ufa humlaki. Chini ya mlima Olorgesailie, katika Kaunti ya Kajiado, mamia ya mashoka ya mawe yasiyo na mpini yamelala juu ya ardhi, mahali pale pale yalipopatikana. Waliyoyatengeneza walitoweka laki kadhaa za miaka iliyopita.

Jina linaloambatana na mawe hayo ni la Louis Seymour Bazett Leakey. Zaidi ya nusu karne imepita tangu mwanaakiolojia huyo azikwe Limuru, na hadi leo watu hawajakubaliana juu yake. Wapo wanaomwona kuwa baba wa sayansi ya chimbuko la binadamu katika Afrika Mashariki. Wapo pia wanaomkumbuka kama Mzungu aliyefunzwa siri za Wakikuyu, kisha akaitumikia serikali ya kikoloni kwa ujuzi huo. Wahenga walisema mgala muue na haki yake mpe. Maisha ya Leakey hayana budi kupimwa kwa mizani hiyo.

Leakey alizaliwa Agosti 7, 1903 katika misheni ya Kabete, ambako wazazi wake walikuwa wamisionari wa Kanisa la Kianglikana. Alilelewa pamoja na watoto wa Kikuyu, akaongea lugha yao kama wao na kupashwa tohara pamoja na rika lake. Akiwa bado mvulana alianza kuokota vipande vya mawe meusi yanayong'aa na kuviweka akiba, akiamini kuwa ni zana za watu wa kale.

Mnamo 1922 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Aliumia kichwani akicheza raga, akalazimika kusitisha masomo kwa muda. Balaa hiyo ilimfungulia mlango, kwani mnamo 1924 alisafiri hadi Tendaguru, kusini mwa Tanganyika, pamoja na msafara uliokuwa ukitafuta mifupa ya dinosaria. Alihitimu mnamo 1926 na mara moja akarejea nyumbani kuongoza misafara yake mwenyewe.

Wakati huo wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kuwa chimbuko la binadamu lilikuwa Asia. Charles Darwin alikuwa amekisia katika karne ya 19 kwamba huenda ni Afrika, ila wachache walijali. Leakey alishika kauli ya Darwin na hakuiacha hadi alipofariki. Imani hiyo ndiyo iliyompa nguvu, na ndiyo iliyomponza pia.

Mnamo 1932, karibu na mlima Homa kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, mmoja wa wafanyakazi wake, Juma Gitau, alipata kipande cha taya katika eneo la Kanam. Vipande vya mafuvu vilipatikana pia Kanjera, si mbali na hapo. Leakey aliutangazia ulimwengu kwamba mabaki hayo yalikuwa ya binadamu wa kale sana, mwenye umbo karibu na la mtu wa leo. Sifa zilimiminika.

Miaka mitatu baadaye, Profesa Percy Boswell, mtaalamu wa jiolojia kutoka London, alifunga safari kuja kujionea. Leakey hakuweza kumwonyesha mahali hasa palipotolewa taya lile. Vigingi vya chuma alivyokuwa ameviacha kama alama vilikuwa vimeng'olewa na wenyeji, na hakuwa na ramani ya kutosha. Baya zaidi, picha aliyokuwa ameitumia kama ushahidi ilibainika kuwa ya mahali pengine. Boswell alirejea Uingereza na kuchapisha ripoti kali mnamo 1935.

Hakuna aliyethibitisha kwamba Leakey alidanganya. Kosa lake lilikuwa uzembe wa kuweka kumbukumbu, ambao katika sayansi huzaa hasara ile ile ya uongo. Kisukuku kisichojulikana kilitoka tabaka gani la udongo hakina umri, na kisicho na umri hakina hadithi. Mali bila daftari, walivyosema wahenga, hupotea bila habari. Wataalamu wa baadaye waliona kuwa taya la Kanam si la zamani kama alivyodai.

Heshima yake ilikuwa tayari imepata doa la kifamilia. Alikuwa amemwacha mkewe wa kwanza, Frida, pamoja na watoto wawili wadogo, na mwishoni mwa 1936 akamwoa Mary Nicol, mchoraji wa zana za mawe. Matumaini yake ya kufundisha Cambridge yalififia. Hata hivyo, ndoa hiyo ilimletea mtu aliyekuwa na kile ambacho yeye alikikosa. Mary alikuwa mchunguzi mtulivu, aliyechora, kupima na kuandika kila kitu kabla ya kukiondoa ardhini.

Tofauti hiyo ilionekana waziwazi Olorgesailie. Mwanajiolojia John Walter Gregory alikuwa ameona zana za mawe katika eneo hilo mnamo 1919, lakini uchimbaji wa dhati ulianza mnamo 1943, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia. Louis alibanwa na kazi za ujasusi na za makavazi jijini Nairobi, hivyo mzigo mkubwa wa uchimbaji ukawa wa Mary. Wasaidizi wake walijumuisha mateka wa vita wa Kiitaliano.

Uamuzi uliofanywa pale ungali na maana. Badala ya kuyazoa mashoka yote na kuyafungia katika makabati, mengi yaliachwa yalipokuwa, ili yeyote ajaye aweze kuona na kujipimia ukweli. Mnamo 1947 mahali hapo pakafunguliwa kama makavazi ya wazi. Mwaka huo huo Leakey aliwakusanya jijini Nairobi wataalamu kutoka nchi mbalimbali, katika kongamano la kwanza la bara zima la Afrika kuhusu historia ya kale.

Manufaa ya kuacha ushahidi wazi yalidhihirika baadaye. Katika miaka ya 1960, Glynn Isaac alirudi kuchimba Olorgesailie na kuuliza swali gumu: je, mashoka yalirundikwa pale na watu, au maji ya vijito yalichangia kuyakusanya? Swali kama hilo haliwezi kuulizwa pale ambapo kila kitu kimehamishwa. Tangu miaka ya 1980, Rick Potts wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani ameendeleza utafiti kwa ushirikiano na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

Matokeo yake ni somo kuhusu teknolojia yenyewe. Mashoka ya Olorgesailie yalianza kutengenezwa yapata miaka milioni 1.2 iliyopita, na kwa takriban miaka 700,000 umbo lake halikubadilika sana. Lakini kufikia miaka 320,000 hivi iliyopita, mambo yalikuwa yamegeuka. Zana zilikuwa ndogo, za namna nyingi, na baadhi zilitengenezwa kwa jiwe jeusi la kioo cha volkeno lililotoka umbali wa kilomita 25 hadi 95. Vipande vya madini ya rangi nyekundu na nyeusi vilipatikana pia. Watafiti waliochapisha habari hizo mnamo 2018 waliona humo dalili za watu waliofahamiana na majirani wa mbali na kubadilishana mali. Chombo kipya, basi, kilikwenda sambamba na uhusiano mpya baina ya watu.

Upande wa pili wa mizani ni mzito. Kati ya 1937 na 1939, kwa ufadhili wa Wakfu wa Rhodes, Leakey aliketi na wazee wa Kikuyu na kuandika mila zao kwa kina. Wazee hao walimpa habari kama mtoto wa nyumbani. Kazi hiyo kubwa ilichapishwa mnamo 1977 katika majuzuu matatu, yeye akiwa kaburini. Wakati huo huo Jomo Kenyatta alikuwa akiandika juu ya jamii hiyo hiyo, na kitabu chake, Facing Mount Kenya, kilitoka mnamo 1938.

Hali ya hatari ilipotangazwa mnamo Oktoba 1952, ujuzi wa Leakey uligeuka kuwa silaha. Aliandika vitabu dhidi ya Mau Mau na kuishauri serikali namna ya kutumia mila za Wakikuyu wenyewe kubatilisha viapo vya wapiganaji. Kenyatta na wenzake watano waliposhtakiwa Kapenguria, mkalimani wa mahakama alikuwa Leakey. Mawakili wa utetezi walioongozwa na D. N. Pritt walipinga tafsiri zake na kumtuhumu kwa upendeleo, akaamua kujiondoa.

Haki inadai isemwe pia kwamba katika maandishi yake alikiri malalamiko ya ardhi na ubaguzi wa rangi, na akahimiza mageuzi. Aidha, vita hivyo vilimgusa nyumbani, kwani jamaa yake, Gray Leakey, aliuawa na wapiganaji mnamo 1954. Hata hivyo, swali haliondoki. Maarifa yaliyotolewa kwa uaminifu barazani yalitumiwa na dola iliyowaweka watoa maarifa hao kizuizini. Msomi anayepewa siri za watu ana deni kwao, na Leakey hakulilipa deni hilo.

Swali hilo halijazeeka. Mnamo Agosti 2023, Serikali ya Kenya ilisimamisha shughuli za Worldcoin, mradi uliokuwa ukipiga picha za mboni za macho ya wananchi na kuwapa sarafu ya kidijitali. Mnamo Mei 2025, Mahakama Kuu iliamuru data hiyo ya miili ya watu ifutwe. Vifaa vimebadilika, lakini jambo ni lile lile: je, anayetoa habari zake anajua zitakwenda wapi na zitamtumikia nani?

Lipo pia deni la sifa. Vitu vingi vilivyomjengea Leakey jina viliokotwa na mikono ya Waafrika kama Juma Gitau na Heselon Mukiri, mwandani wake katika misafara mingi. Majina yao hayakuvuma kama lake. Ilichukua miaka hadi Kamoya Kimeu, aliyeanza kazi Olduvai mnamo 1960 chini ya Mary, kutambuliwa duniani kuwa miongoni mwa wasaka visukuku hodari kuliko wote.

Fahari kubwa ya familia ilikuja Julai 17, 1959, Mary alipopata fuvu la Zinjanthropus katika Bonde la Olduvai, Tanganyika. Mnamo 1961 mbinu mpya ya kupima umri wa majivu ya volkeno ilionyesha kuwa fuvu hilo lilikuwa la miaka milioni 1.75 hivi. Mnamo 1964 Leakey na wenzake wawili walitangaza Homo habilis. Afrika haikuweza tena kupuuzwa katika mjadala wa chimbuko la binadamu. Leakey pia ndiye aliyewafungulia njia Jane Goodall, Dian Fossey na Biruté Galdikas kuchunguza nyani wakubwa porini, enzi ambayo wanawake walifungiwa milango mingi ya sayansi.

Uzeeni, kosa la Kanam lilimrudia kwa sura nyingine. Katika eneo la Calico, jimbo la California nchini Marekani, alishikilia kwamba mawe yaliyochimbuliwa yalikuwa zana za watu wa kale sana. Wataalamu wengi waliona mawe yaliyovunjwa na nguvu za asili tu. Mary alikataa kumuunga mkono, na jambo hilo lilizidisha ufa katika ndoa yao. Leakey alifariki jijini London Oktoba 1, 1972 kwa maradhi ya moyo.

Mizani ikitulia, haimfanyi malaika wala shetani. Leakey aliona mbali kuliko wenzake kuhusu Afrika, lakini mara kwa mara alilipenda jibu lake kuliko ushahidi, na alipopewa imani ya watu aliitumia dhidi yao. Kilichobaki imara zaidi ni kazi iliyofanywa polepole, kwa kipimo na kwa maandishi, mara nyingi na Mary.

Somo hilo lina uzito wa kipekee Kajiado leo, ambako ardhi inagawanywa vipande na misingi ya nyumba inachimbwa kila uchao, kutoka Kitengela hadi Kiserian. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale aijulishe Makavazi ya Kitaifa. Sepetu ikigonga jiwe lililochongwa, la kwanza si kulibeba wala kuliuza, bali kuandika lilipolala. Jiwe likishaondolewa bila alama, hata Leakey na umaarufu wake wote hakuweza kulirudishia ushahidi wake.